Bundi Hana Kosa: Siku ya Ofu na Ndege wa Meru na Embu

(Maneno ya mhadhara waliotolewa vijana baada ya swala ya Alasiri, yameandikwa upya kwa ajili ya msomaji)



Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.T). Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na maswahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu yangu msomaji, nawe dada yangu, niliombwa nizungumze juu ya kijana na wakati wake. Mada hii kila Ramadhan mnapewa, na najua wengine wenu mkiiona tu kwenye ratiba mnakumbuka kwamba mna shughuli nyumbani. Kwa hivyo mimi nitazungumza juu ya ndege. Usicheke kwanza, nisikilize.

Wengi wetu hapa tunafanya kazi za kuwastarehesha watu wengine. Kuna wa hoteli, kuna wa lojing za mbugani, na kuna sisi wa bustani za watoto kuchezea, tunaoendesha bembea za mashine, vigari na ile treni ndogo inayozunguka pale pale. Siku za watu kupumzika ndizo siku zetu za kutoka jasho. Jumamosi kazini, Jumapili kazini, likizo za shule kazini, na Idd yenyewe ndiyo mbaya zaidi: unaswali, unawapa mkono watu wawili watatu, unavua kanzu, na saa nne uko unawafunga watoto mikanda. Ofu yako inakuja Jumanne. Jumanne wenzako wote wako kazini au shuleni. Utaenda wapi?

Jibu tunalijua. Huku kwetu miraa inatoka Igembe na muguka unatoka Mbeere, kwa hivyo baraza la kutafuna halikosi watu hata Jumanne. Hukumu ya miraa nawaachia masheikh, leo si siku yake. Nasema tu kwamba mwezi huu kuna vijana mchana wao wote ni usingizi mpaka Alasiri, na usiku baada ya tarawehe ni karata na simu mpaka daku. Ofu imekwisha hivyo, na mwili umechoka kuliko siku ya kazi.

Sasa fikiria jambo moja. Mwezi wa Ramadhan wewe uko macho kabla ya alfajiri kwa sababu ya daku. Umeswali Fajr msikitini. Jua la huku linachomoza mnamo saa kumi na mbili na nusu, na halibadiliki sana mwaka mzima kwa sababu tuko kwenye Ikweta. Mstari wenyewe unapita kusini ya mji wa Meru, ukielekea Nkubu. Saa mbili za kwanza baada ya kupambazuka ndizo ndege wanalia na kutafuta chakula kwa wingi. Wazungu wanaofunga safari kuja Kenya kutazama ndege huamka kwa saa ya kengele ili waipate saa hiyo. Wewe umeshaamka bure, na njaa bado haijakuuma. Saa tatu umerudi nyumbani, unalala kidogo, na Adhuhuri inakukuta na nguvu zako.

Na usidhani ni jambo geni kwa Waislamu. Fungua Surat Al-Mulk, aya ya 19, uone jinsi Allah anavyotuelekeza tuwatazame ndege walio juu yetu wakikunjua na kukunja mbawa, hakuna anayewashikilia ila Yeye. Katika Surat An-Nur, aya ya 41, tunaambiwa kwamba ndege nao wana swala yao na tasbihi yao. Katika Al-An'am, aya ya 38, wanaitwa umma mfano wetu. Na Nabii Suleiman (A.S) aliwakagua ndege wake, akamkosa mmoja tu, hudihudi, akauliza yuko wapi. Angalia utawala ule: jeshi la majini na watu na ndege, na kukosekana kwa ndege mmoja kunajulikana! Sisi wa leo anaweza kutoweka ndege wa aina nzima asiulizwe na mtu. Huyo hudihudi, kwa faida yako, si wa kwenye kisa tu. Yuko hapa. Nenda sehemu kavu za Meru upande wa mbuga utamwona akidonoa ardhi kwa mdomo wake mrefu, na kile kishungi kichwani akikikunjua kama kipepeo cha mkono.

Halafu kuna kisa cha Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik (R.A). Mtoto huyu alikuwa na kindege chake anachocheza nacho, na Mtume (S.A.W) alipokuja nyumbani kwao alikuwa akimuuliza habari za kile kindege. Hadithi hii iko kwa Bukhari na Muslim. Mwanachuoni mmoja wa madhehebu yetu ya Shafi, Ibn al-Qass, aliandika kitabu kizima juu ya hadithi hiyo fupi akatoa ndani yake faida 60. Mimi faida ninayoichukua ni moja: Mtume wa Allah, na mizigo yote aliyoibeba, alikuwa na nafasi ya kuuliza habari za ndege wa mtoto.

Haya, tutoke nje sasa.

Aliyeko Embu asipande hata matatu. Ateremke tu kwenye mto Rupingazi unaopita kando ya mji, afuate vichaka vya lantana kati ya mashamba ya kahawa na mto. Humo huishi ndege mmoja wa jamii ya zogoyogo, ambaye kwa Kiingereza amepewa jina la Hinde, ofisa wa Kiingereza wa zama za ukoloni. Rangi yake ni ya udongo na madoa meupe yasiyo na mpango, na kila mmoja ana madoa yake tofauti na ya mwenzake. Macho ni mekundu. Hatembei peke yake, ni familia, na wanapiga kelele kama watu wanaogombania bei sokoni. Ukimwona utasema: ndiye huyu tu? Ndiye huyu. Lakini ndege huyu duniani kote hayuko ila Kenya, na ndani ya Kenya hayuko ila katika eneo dogo la huku kwetu, kuanzia upande wa Nyeri na Kirinyaga, Embu, Meru na kuteremka kidogo Ukambani. Ulaya hayuko, Uganda hayuko, Mombasa hayuko. Yuko nyuma ya choo cha shamba la mjomba wako.

Na hapo ndipo penye shida. Lantana si mmea wa kwetu, uliletwa kutoka Amerika, na wakulima wanauchukia kwa haki kabisa. Lakini vichaka vya asili vilipokatwa kwa ajili ya kahawa na majani chai, ndege huyu alijificha kwenye lantana. Sasa mtu akifyeka ukingo wote wa mto mpaka majini, amemfukuza na hana pa kwenda, kwa sababu shamba linalofuata nalo limefyekwa. Simwambii mkulima asilime. Namwambia akiacha ukanda mwembamba wa kichaka kando ya mto, kwanza udongo wake hautateremka na mvua ya Aprili, pili familia moja ya zogoyogo itabaki. Kama ni shamba la babako, zungumza naye kwa adabu baada ya futari, wakati ameshakunywa uji.

Aliyeko Meru mjini yuko karibu na msitu wa Imenti, wenye miti ya muuru ambayo kwa kitaalamu imepewa hata jina la Kenya. Humo kuna hondohondo wakubwa wenye midomo kama jembe, ambao wakipita juu unasikia mbawa zao kabla hujawaona. Mke wa hondohondo anapotaka kutaga huingia katika tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo na uchafu mwingine mpaka ukabaki ufa mwembamba tu. Anakaa humo wiki nyingi. Mume kazi yake ni moja, kuleta chakula na kukipitisha katika ule ufa, asubuhi na jioni, bila kukosa. Akifa mume au akipigwa risasi, mke na watoto wako katika hatari ya kufa njaa mle ndani. Nawaachia wenye ndoa watafakari, hasa wale wanaosema mwezi huu matumizi yamekuwa mengi.

Pia kuna ndege wa kijani anayeitwa turako, ambaye akiwa ametulia ni kama jani, akiruka mbawa zinawaka nyekundu. Wekundu ule ni rangi yenye madini ya shaba ndani yake, ndege huyu anaitengeneza mwenyewe mwilini. Subhanallah. Lakini Imenti usiingie peke yako. Kuna ndovu. Pitia kwa askari wa misitu, uliza njia iliyo salama siku hiyo.

Sitakaa sana kwenye mbuga kubwa kwa sababu kuingia ni pesa na wengi wetu mshahara ni ule ule. Mbuga ya Meru ina aina zaidi ya 400 za ndege, na watu wanaijua kwa simba Elsa wa Joy Adamson, lakini mito yake ndiyo yenye mambo. Hifadhi ya Mwea, upande wa Mbeere, ni ndogo, iko pale mto Thiba unapokutana na Tana, na ni mahali pazuri pa ndege wa majini tangu yalipojengwa mabwawa ya Kamburu, mwaka 1974, na Masinga, 1981. Kikundi kikichanga nauli mara moja kwa mwaka inawezekana.

Sasa nije kwa bundi, maana huyu ndiye aliyenifanya nikubali kuzungumza.

Kuna msikiti mmoja wa huku, sitautaja, ambao bundi weupe wa uso kama moyo walitaga juu ya dari upande wa nyuma. Wiki ile ile mzee mmoja wa mtaa akafariki, Allah amrehemu. Mzee alikuwa mgonjwa miezi minane, kila mtu anajua. Lakini maneno yakaanza: bundi amelia juu ya msikiti, ndiyo maana. Vijana wakachukua ngazi na fimbo. Vijana wa madrasa, ndugu zangu, wanaosoma tawhid! Makinda yalikuwa manne, bado yana manyoya ya pamba.

Sikiliza. Waarabu wa zama za ujahili mtu alikuwa akitaka kusafiri humfukuza ndege. Akiruka kulia anasafiri, akiruka kushoto anarudi nyumbani. Mambo hayo yanaitwa tiyara, na neno lenyewe limetokana na neno la Kiarabu la ndege. Na bundi walikuwa na itikadi yake maalumu, wakiita hama: kwamba mtu akiuawa, roho yake inatoka kichwani ikawa bundi, inalia juu ya kaburi ikidai kinywaji mpaka kisasi kilipwe. Mtume (S.A.W) alikuja akayakanusha yote mawili, tiyara na hama, kwa kuyataja kwa majina katika hadithi moja iliyo sahihi. Kwa hivyo huyu bundi ametajwa, kesi yake imekwisha kuhukumiwa miaka zaidi ya 1400 iliyopita, na ameachiliwa huru. Halafu wewe leo, Meru au Embu, unamfungulia kesi upya kwa ushahidi wa nyanya ya jirani?

Lakini tuwe waadilifu. Katika kamati ya msikiti ule alikuwako mzee mmoja ambaye hakuzungumza habari za mkosi hata kidogo. Alisema: kinyesi chake ni najisi kwetu sisi watu wa Shafi, kinadondoka karibu na safu ya mwisho, na mwezi wa Ramadhan unakuja na msikiti utajaa. Huyo alikuwa na hoja. Twahara ya msikiti si jambo la kupuuza, na wale vijana wapenda ndege waliosema tu "waacheni, ni viumbe vya Allah" hawakumjibu. Usafi wa msikiti ataufanya nani? Mwadhini ana miaka sabini.

Ikakubaliwa hivi: makinda yaachwe mpaka yaruke, na wale wale waliobeba ngazi watandike turubai chini ya dari na kulisafisha kila siku baada ya Fajr. Yaliporuka, tundu likazibwa kwa mbao, na fundi mmoja akatengeneza sanduku la mbao lenye mlango mdogo, likatundikwa juu ya mti wa nyuma ya vyoo. Bundi wa aina hii hukubali sanduku, katika nchi nyingi wakulima wanamtengenezea. Wa kwetu hawajaingia bado nilipoandika haya. Wengine mtaani wamefurahi kwamba hawajaingia. Ndiyo hali ilivyo.

Na lile turubai ndilo lililofundisha kuliko mhadhara wowote. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika donge la manyoya na mifupa. Vijana wakawa wanayapasua madonge yale kwa kijiti, wanahesabu mafuvu: panya, panya, panya, mara moja moja fuko mdogo. Hapo hata wale wa ngazi wakaanza kuuliza maswali. Mbona hatumsikii akiruka? Kwa sababu ncha za manyoya ya mbele ya mbawa zake zimekatwa kama meno ya kitana, zinavunja upepo usipige kelele. Mbona anageuza shingo namna ile ya kutisha? Kwa sababu macho yake hayazunguki ndani ya kichwa kama yetu, yamekaa mahali pamoja, basi Allah akampa shingo ya kugeuka karibu robo tatu ya duara. Na masikio yake moja liko juu kidogo kuliko lingine, ndiyo maana anaweza kumkamata panya gizani kwa kumsikia tu. Mtu mwenye ghala la mahindi anamuua mnyama huyu, halafu Jumatatu anakwenda dukani kununua sumu ya panya!

Jirani zetu wa Kiawara, kule Nyeri, walifika mbele yetu. Kuna bundi mkubwa wa milimani aliyepewa jina la Mackinder, yule Mwingereza aliyefika kilele cha Mlima Kenya mwaka 1899. Wakulima wa pale nao walikuwa wakimwogopa, mpaka walipoona kwamba wageni wako tayari kulipa ili waonyeshwe amelala kwenye mwamba. Leo bundi yule ni riziki. Kijana anayejua mahali zogoyogo wa Embu wanapolala, na anajua majina ya ndege hamsini, anaweza kutembeza wageni siku yake ya ofu akapata zaidi ya mshahara wa wiki. Siahidi, nasema inawezekana, na wapo Wakenya wanaoishi kwa kazi hiyo.

Jambo la manati. Abdullah bin Umar (R.A) aliwapita vijana wa Kiquraysh wamemfunga ndege wanamlenga mishale, na wamekubaliana na mwenye ndege kwamba kila mshale unaokosa ni wake. Walipomwona wakatawanyika, naye akawakumbusha kwamba Mtume (S.A.W) amemlaani mwenye kufanya chenye roho shabaha. Wadogo zetu wenye manati wasomewe kisa hicho kama kilivyo, hakihitaji maelezo. Na wale wanaonunua ndege waliouawa kwa sumu, jihadharini. Huko Bunyala, magharibi ya nchi, watu walikuwa wakitega kwa dawa ya wadudu iitwayo Furadan, ndege wanakufa, nyama inauzwa. Kelele zilipozidi, mwaka 2009, kampuni iliyoitengeneza ikaiondoa katika soko la Kenya. Nyama ile haikuchinjwa, ni mzoga, na juu ya mzoga ni sumu.

La mwisho ni darubini, na hili nalisema kwa uzito. Wewe ni kijana wa Kiislamu, una ndevu, pengine na kofia, umesimama karibu na bwawa la umeme saa kumi na mbili asubuhi na darubini shingoni. Unajua na mimi najua mtu atafikiria nini. Si haki, lakini ndiyo dunia tuliyonayo. Kwa hivyo: tembea na kitambulisho. Nendeni watatu au wanne. Mpigie chifu mdogo simu jana yake, mwambie mtakuwa wapi. Usielekeze darubini wala simu kwenye mitambo, daraja au kambi. Askari akikusimamisha, mpe salamu, mpe darubini yenyewe atazame. Mimi nimewahi kumkabidhi askari mmoja aliyekuja amekunja uso. Alimtazama mdiria akipiga mbizi na kutoka na samaki, akakataa kunirudishia kwa dakika kumi.

Darubini moja inawatosha watu watano mkipeana zamu. Kitabu kizuri ni kile cha ndege wa Afrika Mashariki cha Stevenson na Fanshawe cha mwaka 2002. Kipo kwa Kiingereza, na bei yake ni ya kuchangiana. Daftari na kalamu unavyo. Andika tarehe, mahali, saa, umeona nini, wangapi. Usipomjua jina mchore. Miaka hii Ramadhan inaangukia Februari na Machi, na ndio wakati mbayuwayu waliotoka Ulaya wanajikusanya kwenye nyaya za stima kabla ya kurudi kwao. Wahesabu ukienda kazini, hata kama si siku yako ya ofu.

Jumanne ya kwanza baada ya Idd, Insha'Allah, tutakutana mlango wa msikiti baada ya Fajr, upande wa Embu, kuteremka Rupingazi. Viatu vya matope. Dada zetu watakuwa na kundi lao na kiongozi wao, wamekwisha kupanga wenyewe. Anayekuja alete chai yake.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.